Kanali Aja Kula kwa Mama Taju

Assia binti Hamimu hakuwa amesema ndiyo. Hilo lieleweke mapema, maana mtaa mzima wa Buyenzi, kuanzia wauza mkaa hadi mafundi wa magari, ulikuwa umeshasema ndiyo kwa niaba yake. Jumamosi ile alitoka kuoga, taulo begani, akakuta wanawake watatu waliokuja kumenya vitunguu wamejipanga mstari uani wakimpigia saluti, mmoja na kisu mkononi.

"Mon lieutenant!" walisema, wakaangua kicheko.

Assia hakucheka. Aliwapita bila salamu, akaingia chumbani na kuubamiza mlango hadi kalenda ikaanguka. Kama hasira ingekuwa mkaa, pilau ya siku ile ingeivia kifuani mwake.

Mambo yalianza hivi. Mwaka huo wa 2004 jeshi la zamani na waasi wa jana walikuwa wanachanganywa wawe jeshi moja, na jeshi, liwe jipya au kuukuu, halikosi majeruhi. Kanali Herménégilde, daktari mpasuaji wa jeshi, alikuwa akija kusaidia upasuaji katika hospitali ya raia ambako Assia alikuwa anamalizia mwaka wake wa mwisho wa mafunzo. Alimwona binti anavyoshika kisu, anavyofunga uzi. Hakumsifu, si mtu wa sifa. Siku moja tu, wakinawa mikono, alimwambia jeshi linatafuta madaktari, na safari hii halitaki wa upande mmoja.

"Kwa raia utangoja kusomea chirurgie, upasuaji wenyewe, mpaka mvi zikutoke," alisema. "Kwetu unakaa miaka miwili, wanakutuma nje, unarudi bingwa. Fikiri. Jumatatu uje kambini unipe jibu."

Na kilichomuudhi Assia kuliko saluti, kuliko vitunguu, kuliko mtaa mzima, ni kwamba alitaka. Alitaka upasuaji kama mwenye kiu anavyotaka maji. Hospitalini kwao walishona watu kwa uzi wa kubahatisha, taa ikizimika katikati ya kazi, na jeshini kulikuwa na jenereta, na damu kwenye jokofu. Alitaka, na kwa kutaka huko alijichukia, kwa sababu ya kaka yake.

Tajudini alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ufundi katika gereji ya baba yao, mcheshi, mpenda kuvaa saa ya mkononi iliyokufa zamani kwa sababu eti mkanda wake ulimpendeza. Mwaka 1996 alimsindikiza mama yao kwenda Gasenyi, mwisho wa mji upande wa kaskazini, kumjulia hali mama mkubwa. Wakati wa kurudi, mchana kweupe, risasi zikaanza kulia. Nani alimpiga nani, hadi leo hakuna ajuaye. Moja ilimpata Tajudini pajani. Watu wema wakampakia kwenye ingorofani, lile toroli la gurudumu moja la kubebea mchanga, wakamkimbiza hadi kwenye zahanati ya kambi ya jeshi iliyokuwa karibu. Geti lilikuwa limefungwa. Mama yao alishika vyuma vya geti akapiga kelele mpaka akatoka daktari, koti jeupe juu ya magwanda. Daktari alimtazama kijana kupitia vyuma, akasema maneno mawili, "Si wetu," akageuka akarudi ndani. Hata jina hakuuliza. Tajudini alikata roho pale pale, miguu ikining'inia nje ya ingorofani.

Walimzika kesho yake haraka haraka, watu wachache, masikio yote yakisikiliza milimani. Ilipofika arobaini, siku ya kumsomea hitima, mji ulikuwa umefungwa na mtaa nusu umehama. Mama alisema, "Bado." Miaka ikapita, na kila mtu akaamini kuwa ile "bado" ilikuwa imeshakwisha yenyewe.

Assia hakuwapo getini, alikuwa shuleni. Lakini aliusomea udaktari kwa sababu ya siku ile, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kukasirika. Siku waliyofundishwa mshipa mkubwa wa paja alitoka darasani akaenda kutapika nyuma ya jengo, maana alielewa kwamba risasi haikumuua kaka yake. Kitambaa, kijiti cha kukazia, uzi, na mikono miwili yenye nia, basi, angekuwa hai, angekuwa sasa na kitambi na watoto na saa nyingine mbovu. Lililomuua ni geti. Akaapa hatavaa koti jeupe juu ya magwanda, hata akifa njaa.

Sasa mtu aliyeapa hivyo anafikaje mahali pa kupikiwa pilau? Kwa mkono wa mama yake. Na hapo ndipo hasira yenyewe ilipokuwa na mzizi.

Jumanne ya wiki ile milio ya risasi ilisikika milimani, na Kanali akamrudisha Assia nyumbani kwa gari lake. Mama yake, Fatouma, ambaye Buyenzi nzima ilimwita Mama Taju kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alitoka mlangoni kumpokea. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akitema mate chini kila lori la jeshi lilipopita. Alimtazama Kanali usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema, kwa sauti laini ambayo Assia hakuwahi kuisikia kwake:

"Karibu, baba. Jumamosi uje ule kwangu. Baada ya alasiri."

"Nitakuja, mama," alijibu Kanali, akatabasamu, akaondoka.

Assia alisimama pale akiona aibu mpaka masikioni. Mama amemwona mwenye gari na mabega mapana, basi mate yote yamemkauka mdomoni!

Baba yake, Hamimu, aliposikia neno kanali, na kwamba jeshi linamtaka binti yake, hakungoja mengine. Alilibeba mpaka gereji, gereji ikalibeba mpaka msikitini, na kufika Ijumaa Assia alikuwa ameshapewa cheo, nyumba na dereva. Usimcheke sana Hamimu. Alikuwa amezaliwa Buyenzi, na baba yake alizaliwa Buyenzi, na bado maisha yake yote aliitwa Mswahili kwa namna ya kuambiwa kwamba wewe ni wa kuja. Malori ya jeshi alikuwa ameyatengeneza miaka thelathini akiwa uvunguni mwake. Hakuwahi kualikwa kukaa mbele.

"Walikuwa wanasema Muswahili kazi yake ni spana na duka," alimwambia Assia Ijumaa ile, macho yakimng'aa. "Leo mutoto wangu anapigiwa saluti! Unajua we ni wa kwanza hapa mutaani?"

"Papa, mi sijakubali."

"Utakubali. Nani anakataa nyota?"

Kuhusu Taju hakusema lolote. Hamimu alikuwa mtu wa kuziba tundu na kuendelea na safari. Alikuwa amefunga jina la mwanawe mahali, na ufunguo alikuwa ameupoteza kwa makusudi.

Basi Jumamosi ikafika, na masufuria yakapanda mafigani. Mchele mzuri ulikuwa umetoka Kigoma kwa meli na kuchukuliwa bandarini. Mbuzi wawili walikuwa wameshachunwa. Mawazo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akitoa methali kama mtu anayelipwa kwa kila moja. "Chanda chema huvikwa pete," aliimba. "Mama Taju, umezaa!" Mama Taju hakuitikia. Alikuwa anakoroga pilau kwa mwiko mrefu, mtandio mweupe kichwani, kanga nyeupe kiunoni, uso hauna kitu.

Assia alitoka chumbani akiwa amevaa gauni la rangi ya machungwa.

"Vaa nyeupe," mama yake alisema bila kugeuka.

"Mama, mi sijakubali kwenda jeshi."

"Nani amekuuliza kama umekubali? Nimekuambia vaa nyeupe."

Akapita Maalim Anouar wa madrasa na sanduku la misahafu iliyokatwa juzuu juzuu, thelathini zote kamili, za kugawiwa wasomaji. Assia aliliona sanduku lile na damu ikampanda. Kurani nzima isomwe kwa ajili ya buti! Mtu mwenye akili timamu angejiuliza juzuu thelathini ni za nini. Angejiuliza mbona hakuna dufu wala mpiga ngoma, mbona mama amevaa nyeupe. Lakini hasira ina macho ya kuona kitu kimoja tu, na Assia alikuwa anaona nyota mbili za mabegani.

"Umemusahau Taju," alisema, mbele ya wanawake wote. "Umemuuza Taju kwa nyota mbili na sahani ya pilau."

Visu vikasimama juu ya vitunguu. Mawazo aliyekuwa na methali mdomoni aliimeza. Fatouma aliacha kukoroga. Alimtazama binti yake, na kwa nukta moja ilionekana atampiga kwa mwiko ule.

"Pilau inaungua," alisema, akaendelea kukoroga.

Assia alirudi chumbani. Akavaa nyeupe. Akiwa anavaa alikuwa analia kwa hasira, na alijisemea kwamba Kanali akifika tu atamwambia hapana mbele ya baba, mbele ya maalim, mbele ya mbuzi wao wawili, liwalo na liwe.

Kanali Herménégilde alifika baada ya alasiri, shati jeupe, hana magwanda, mlinzi wake amebaki kwenye gari. Hamimu alimpokea kwa mikono miwili. "Mugeni njoo mwenyeji apone!" alisema, akamkalisha kwenye mkeka wa mbele, karibu na maalim. Kanali alivua viatu kama wengine. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kidoleni, na Assia, aliyekuwa akichungulia kupitia pazia lililotenganisha sebule ya wanaume na ua wa wanawake, alifurahi kuliona tundu lile. Ilikuwa ndiyo furaha yake pekee siku hiyo.

Juzuu ziligawiwa, kila msomaji na yake, na nyumba ikajaa ule mvumo wa sauti nyingi zinazosoma pamoja. Kanali, ambaye ni Mkatoliki, alikaa ameinamisha kichwa kwa heshima. Walipomaliza, Maalim Anouar aliinua mikono, na wote wakainua, na Kanali naye akaangalia kushoto na kulia akainua ya kwake.

"Ewe Mola," alisema maalim, "thawabu za kisomo hiki tunazituma kwa marehemu wetu, Tajudini bin Hamimu, aliyetutoka na asisomewe. Mpanulie kaburi lake."

"Amina," walisema watu, lakini ilikuwa amina iliyojikwaa. Wengi walikuwa wamekuja na vigelegele tayari kooni, na sasa walitazamana. Hamimu alibaki na mikono hewani baada ya wote kushusha. Hakuna aliyemtazama zaidi ya mara moja. Nyuma ya pazia Assia aligeuka kumtafuta mama yake. Fatouma alikuwa anapakua pilau, sahani baada ya sahani, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo.

Kwa hiyo haikuwa sherehe. Ilikuwa hitima ya Taju, imechelewa miaka minane, na mtaa mzima ulikuwa umekuja kuila ukidhani unakula nyota.

Sahani zikaenda. Watu wakaanza kula kimya. Kanali, kwa adabu zake, aliona ni yeye mgeni na ni juu yake kusema neno.

"Mama Taju," aliita kuelekea pazia. "Pole sana. Mi sikujua. Huyu Tajudini ndiye Taju? Alikufa na nini?"

Lilikuwa swali la daktari tu, lisilo na ubaya. Fatouma aliweka mwiko chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kulifanya siku ya kisomo: alifungua pazia akapita, akaingia sebuleni katikati ya wanaume, akasimama mbele ya Kanali.

"We ndiyo docteur," alisema. "Mi ndiyo nilikuwa nangoja we uniambie."

Kanali alinyanyua uso.

"Alipigwa hapa," Fatouma alisema, akajigusa paja. "Gasenyi. Tulimuleta kwa ingorofani. Mi nilishika geti kwa hii mikono. We ulitoka, ukasimama karibu, karibu vile tuko sasa. Ukamuangalia. Ukasema, si wetu."

Hakuna aliyetafuna. Kanali alikuwa na tonge mkononi na tonge lile lilibaki katikati ya njia. Uso wake ulipauka pole pole, kuanzia midomo.

"Ulikuwa na kitenge cha manjano," alisema. "Ulimufunga nacho muguu."

Alikuwa anakumbuka. Assia alishika pazia akalivuta mpaka kamba yake ikakatika, na sasa wanawake wote walikuwa wanaonekana na hakuna aliyejali. Hamimu alisimama. Mikono yake ya spana ilikuwa imekunjwa ngumi. Aliruka sahani mbili. Maalim Anouar na vijana wawili wa gereji walimkamata kiunoni.

"Niacheni! Nimemukaribisha mimi! Nimemukalisha mbele kwa mukono wangu!"

"Kaa chini, Baba Taju," alisema Fatouma. "Mugeni hajamaliza kula." Akamgeukia Kanali. "Chakula cha hitima kinaliwa na watu walimujua marehemu. We ulimujua. Sasa na jina umelijua. Kula."

Kanali angeweza kuondoka. Mlinzi wake alikuwa nje na bunduki, na hakuna aliyeuziba mlango. Alilitazama tonge lake. Akalitia mdomoni, akatafuna, akachukua jingine. Alikula sahani yote, mbele ya Buyenzi nzima, hakuna aliyekula naye, hakuna aliyemtolea maji. Machozi yalikuwa yanamtiririka na aliyaacha yadondoke kwenye wali. Hakuna aliyemhurumia pale. Assia naye hakumhurumia. Alisimama akimhesabia kila tonge moyoni, na moyo wake ulikuwa unasema, kula, kula, umalize.

Alipomaliza, Fatouma aliichukua sahani kwa mkono wake mwenyewe, akarudi uani.

Assia alimfuata Kanali mpaka kwenye gari. Hakutaka kumwacha aende na yale machozi yake kama mtu aliyekwisha kulipa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ile wiki watu walileta mujeruhi wa uongo kwenye kambi ingine, wakaingia na grenade, bomu la mukono. Amri ikatoka. Raia asifunguliwe."

"Amri! Na wewe?"

"Mi nilikuwa docteur peke yangu." Kanali alijipangusa uso kwa kiganja. "Ningesema fungua, garde wa geti angefungua. Sikusema. Niliogopa, voilà. Hakuna neno lingine."

"Na ndiyo unataka mi nije nivae hilo koti?"

"Nataka sababu mwaka kesho nastaafu. Na wa kukaa pale nyuma yangu, sitaki awe mutu muoga."

"Jumatatu usiningoje," alisema Assia. "Usiningoje kamwe. Mi siwezi kula sahani moja na watu wa namna yenu."

Hapo Kanali naye akawaka. Pengine sahani ile ilikuwa imemtosha, pengine mtu aliyedhalilishwa hutafuta wa kugawana naye.

"Vizuri! Rudi kwenu. Si kwenu ni safi? Pale nyuma ya maternité, wodi ya wazazi, kuna chumba. Wanawake mumewashona, wamepona, hawana cha kulipa, mumewafungia ndani na mulinzi mulangoni. Nimewaona. We unawapita kila asubuhi na karatasi yako mukononi. Ulishasema fungua? Hata siku moja?"

Kanali alifungua mlango wa gari.

"Geti ni geti, docteur. Sisi tulifungia mutu nje, nyinyi mumefungia ndani."

Aliingia kwenye gari, akaubamiza mlango, akaondoka na vumbi lake.

Jumapili Assia alikuwa na zamu. Usiku kucha alikuwa amemtukana Kanali kichwani, matusi ya Kiswahili, ya Kirundi na ya Kifaransa, na kila alipomaliza kutukana chumba kile kilibaki pale pale. Kwa hiyo alikwenda. Ni chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Mlangoni alikaa Révérien, mlinzi, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Ndani, kati ya wanawake waliolala chini, alikuwemo Daphrose, ambaye Assia mwenyewe alimshona tumbo. Jeraha lilikuwa limefunga vizuri kabisa, mshono wa kujivunia, na mtoto wake alikuwa ameanza kucheka akiwa amefungiwa.

"Docteur," alisema Daphrose kupitia mlango ulio nusu wazi, "nitatoka lini?"

"Mufungulie," Assia alimwambia Révérien.

Révérien alitabasamu kwa huruma. "Mukubwa amekataza, docteur. Nikifungua nitasema nani ameniambia?"

Ulikuwa wakati wa kusema, Mimi. Ni neno dogo, hata mtoto wa Daphrose angelitamka kabla ya mwaka kwisha. Assia alifikiria mkurugenzi. Alifikiria cheti chake ambacho hakijatiwa sahihi, miaka saba ya kusoma, baba yake. Alishusha macho kwenye karatasi aliyoishika. Akageuka akarudi wodini.

Ni baada ya kufika wodini ndipo alipogundua kuwa alikuwa amegeuka vile vile kama yule daktari wa getini. Hasira iliyompata hapo haikuwa na wa kutupiwa. Alifanya zamu yake yote akiwa ameuma meno, na wagonjwa walimwogopa.

Jioni alimkuta mama yake uani, akisugua masufuria makubwa ya watu kwa majivu ili yarudishwe. Assia alichuchumaa akachukua moja.

"Jana nilikuambia neno baya," alisema Assia.

"Ulisema. Nilisikia." Fatouma hakuongeza la kumfariji. "Ningekuambia mapema kwamba ni yeye, ungefoka, baba yako angechukua spana, na yule asingekula. Mi nilitaka ale."

"Sasa unataka niende jeshi au unataka nisiende?"

"Mi sikukuambia uende. Mi sikukuambia usiende. Hitima ilikuwa ya Taju. Jeshi ni la kwako."

Assia alisugua sufuria mahali palipokuwa pameshang'aa.

"Yule jamaa ni muoga," alisema. "Na mi leo nimeona, mama, mi pia ni muoga. Kulikuwa na mulango, nikarudi nyuma. Nataka kwenda. Nataka chirurgie, nataka ile damu yao kwenye jokofu, nataka kusimama kwenye lile geti. Lakini naogopa siku moja wataniletea mutu kwa ingorofani, na mi nitaangalia, na nitasema lile neno lake."

Fatouma aliacha kusugua. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa masizi hadi viwikoni.

"Siku hiyo," alisema, "nitamuita Maalim Anouar. Nitaazima zile juzuu zote thelathini. Nitapika pilau kama ya jana, na nitakusomea hitima we mwenyewe, ukiwa hai, ukae mbele, ule."

Hakuwa anatania. Assia alimtazama, akajua kwamba mama yake angefanya hivyo bila mkono kutetemeka.

"Sawa," alisema.

Jumatatu alitoka mapema, viatu vimepigwa rangi na Hamimu, ambaye hakusema neno la nyota wala la saluti, alimkabidhi tu viatu na kugeuka ukutani. Njia ya kambini ilikuwa upande mmoja na hospitali upande wa pili. Assia alikwenda hospitali kwanza. Révérien alikuwa anakunywa uji wa zamu. Assia hakumwamkia wala hakumwomba. Alinyoosha mkono akalivuta komeo, lililokuwa komeo la kawaida, hata kufuli halina, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Daphrose! Beba mutoto. Wote, tokeni!"

"Docteur, docteur," Révérien alisema, kikombe mkononi, wanawake wakimpita mbio. "Watanifukuza! Nitawaambia nani amefungua?"

"Waambie dada yake Tajudini."

"Tajudini ni nani?"

"Wakiuliza, waambie waje waniulize. Niko kambini," alisema Assia, akaenda zake, amechelewa, na bado amekasirika.